Kizuri cha Leo, Kabla ya Tonge la Kwanza

Mama Zaina,

Shehe wetu hapa Kwaluguru anasema maiti hasomi barua, anachotaka ni dua. Dua nakuombea. Lakini kuna mengine siwezi kuyasema nimefungua viganja, na viganja vyenyewe ni hivi vyangu. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, wa mtu aliyeshika jembe zaidi kuliko kalamu.

Zaina amerudi nyumbani. Amekuja na binti yake, yule tuliyempa jina lako, Mwanahawa. Nilikwenda kuwachukua mimi, na nilikwenda na panga.

Mwenye duka wa kule Kerenge ndiye aliyenipigia simu. Akaniambia, mzee Sefu, njoo umwone mwanao, mumewe Idi atamuua. Nikapanda bodaboda mpaka Segera, pale nikachukua gari la Korogwe, panga liko ndani ya gunia chini ya miguu yangu. Abiria mwenzangu alininunulia chungwa, sikumjibu hata asante. Kichwani nilikuwa nakata tu. Shingo, mikono, halafu shingo tena.

Nilimkuta Zaina amekaa kizingitini, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka. Idi yuko ndani anakula. Anakula, Mama Zaina. Nilimpiga mgongoni na bapa la panga akaangukia sahani. Nikampiga mateke ya mbavu mpaka nikasikia kitu kimelia kama kijiti kikavu, na ukweli wangu ni huu: nilifurahi. Nikageuza panga, sasa makali. Yule kijana akajipindua, damu inamtoka puani, akacheka.

"Piga, baba mkwe. Mkono wa mama mkwe ulivunjwa na nani? Na kisima?"

Panga likabaki juu. Nikageuka nikamwangalia Zaina, na Zaina hakuinamisha uso.

Unakumbuka ulichosema ile siku, Mama Zaina. Mimi nakikumbuka kila nikinawa.

Ulikuwa na utaratibu wako. Mtu hagusi bada, ugali wetu wa muhogo, mpaka atoe kizuri cha leo. Kitu kidogo tu alichokiona siku hiyo, akishukuru. Zaina angali mdogo aliwahi kusema ameona kenge anakunywa maji lamboni kwa ulimi kama mbwa, ukamwambia hicho ni kikubwa, kula. Mimi ulikuwa unaniruka, maana nilikwisha kukuambia mambo ya kuchekacheka na sahani sijayakuta kwetu. Kwetu baba alikula, sisi tukatetemeka.

Halafu mwaka ule ng'ombe wa wafugaji wakaingia kwenye mahindi yetu. Tulikwenda wanaume na mapanga, wao wakaja na marungu, kuna mtu alirudi kwao hana sikio. Mimi nilirudi na damu isiyo yangu. Nikakuta kibuyu cha maziwa kwenye mkeka. Yeyo mmoja, mama wa wale wenye ng'ombe, alikuwa amekuja kuomba radhi, na wewe ulikuwa umepokea. Wakati wa kula ukasema, "Kizuri cha leo, yeyo amekuja mwenyewe kwa miguu, na maziwa yalikuwa bado ya moto."

Nikachukua mchi. Nilianza na kibuyu. Ulipoinua mkono kukinga uso nikapiga mkono. Mkeka ulilowa maziwa na damu, sikujua kipi kiko wapi.

Kwenye zahanati ulimwambia nesi umeteleza kisimani. Nami nikasimama pale nikaitikia kwa kichwa. Nikaongeza kabisa, nikasema mawe ya kile kisima yana utelezi.

Tuliporudi, mkono umefungwa kwenye kibao, ukakaa mkekani. Nilidhani siku ile utanyamaza. Ukasema, "Kizuri cha leo, Zaina hakuona."

Aliona, Mama Zaina. Alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ameniambia mwenyewe, na ndivyo Idi alivyojua. Nilifikiria nikufiche hata huko uliko, lakini nimechoka na kisima.

Mkono wako wa kulia haukufika tena mdomoni. Ukawa unakula kwa kushoto. Wanawake wakakucheka kwenye shughuli, wakasema mke wa Sefu hana adabu, anakula kwa mkono wa najisi. Ukaacha kula kwenye shughuli za watu. Ukienda unapika, unaosha masufuria, unarudi na njaa. Mpaka kile kifua kinakuchukua hukuwaambia sababu. Nami nilikaa barazani na waume zao, nikanywa kahawa.

Kule Kerenge nilishusha panga nikamwambia Idi, "Ni mimi." Nikamchukua mwanangu na mjukuu wangu tukaondoka.

Ndani ya gari Zaina hakukaa karibu nami. Tuliposhuka Segera alisimama pale penye wauza mahindi ya kuchoma, anaangalia magari ya Dar, ya Arusha, ya Tanga. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama wewe. "Baba, nakuja kwako kwa sababu sina pengine. Siku utakayomnyanyulia huyu mkono, narudi hapa, na gari litakalotangulia ndilo langu. Hutatuona tena." Alipofika nyumbani akaweka furushi lake la kanga mlangoni. Hakulifungua. Kila anachohitaji alikichomoa pembeni, fundo liko palepale.

Mtoto ananiogopa. Nikinyoosha mkono kuchukua chumvi, anaingiza kichwa ndani ya kanga ya mama yake. Kwa hiyo nikajifunza kuomba chumvi, viganja vimelala mkekani.

Nilijaribu kuanzisha kizuri cha leo. Zaina akanikata. "Maneno ya mama usiyaguse."

Basi nikaenda kuyasemea shambani peke yangu. Mwanzo sikupata kitu, nakuapia. Unasimama na jembe, unatafuta kizuri kimoja cha siku nzima, unaona mawe tu na mtu uliyempiga. Halafu asubuhi moja nikaona kunde zimetoa ua. Siku nyingine niliua swila kwenye ghala, nikampondaponda kichwa na hasira zangu zote, nilipomaliza nikachuchumaa nikaona magamba yake yalivyopangwa, kama mtu aliyesuka mkeka bila haraka. Sijawahi kuchuchumaa kuangalia kitu nilichokiua. Nikasema kwa sauti, kizuri cha leo. Nikaona haya, nikatazama kama kuna mtu.

Sasa kiangazi kimekaza. Lambo limebaki tope. Juzi nilitoka alfajiri na baiskeli kutafuta maji kule mbali, nikarudi jua la utosi na dumu moja la maji. Mwanahawa akalivuta achote, likapinduka. Ardhi ikayanywa yote nikiona.

Mkono ukapanda. Sikuutuma, Mama Zaina. Niliuona uko juu ya kichwa cha mtoto, umekunja ngumi, wenyewe. Zaina akainuka jikoni na mwiko wa bada unaofuka moshi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha amua kuua. Mtoto hakulia. Alifumba macho akangoja. Huko kungoja ndiko kulikoniua.

Nikaupiga ule mkono kwenye mwimo wa mlango. Nilisikia mifupa. Nikatoka nje nikashika shoka, nikaliendea lile gogo la mkwaju lililotushinda miaka yote, nikalipiga kwa mkono mmoja nikitukana kila mtu aliyenizaa, mpaka kiganja kikachunika na gogo likapasuka.

Jioni nikarudi. Nilitegemea nyumba iko tupu. Walikuwa mkekani, bada limeshapakuliwa, furushi limesogezwa karibu zaidi na mlango. Nikakaa. Mkono wa kulia umevimba kama boga, vidole havikunji. Nikanawa wa kushoto, nikasema kabla sijakatazwa, "Kizuri cha leo, maji yamemwagika na aliyeumia ni mlango." Nikamega tonge kwa kushoto.

Mwanahawa akaniangalia mdomoni. "Mama, babu anakula kwa mkono wa chooni."

Zaina akacheka. Cheko lako lile la puani, la mtu asiyetaka. Kisha machozi yakamtoka akawa anacheka na kulia, akajifunika kanga, nami sikumgusa, niliacha mikono yangu ilipo. Mtoto akangoja mama yake atulie, akasema na yeye anacho. "Maji yalipomwagika vipepeo walikuja kunywa. Wengi, wa njano." Nilikuwa kwenye gogo na shoka, sikuwaona.

Zaina akamwambia, "Hicho ni kikubwa. Kula."

Ahadi yangu ni hii. Kwa mama Asha kuna shughuli wiki hii. Nitakwenda, nitasimama mbele ya wale wanawake na waume zao, nitawaambia kwa nini ulikula kwa kushoto. Hakuna kisima. Watakavyonifanya ni juu yao. Na huu mkono, siku ukipanda tena juu ya mtu, lile shoka lipo na gogo la pili lipo, nitatoka. Siwezi kukuahidi kwamba hautapanda. Nakuahidi hautashukia mtu.

Mungu akupumzishe, Mwanahawa wangu, mahali ambapo unakula kwa mkono wowote.

Kizuri cha leo: furushi bado liko mlangoni na fundo lake. Lakini kuku wetu mwekundu amelipanda, ametaga humo, na asubuhi amekataa kutoka. Nimetaka kumwondoa, Zaina amesema nimwache, tusiliguse mpaka aangue.

Baba Zaina