Sufuria Mpya Juu ya Kabati

Bulapesa, Isiolo
Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Nakolong,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Lokol na mtoto Ewesit, na kwamba baridi ya Nakuru bado haijawazoeza kunywa maji ya moto matupu mkiyaita chai. Tulifundishwa shuleni kwamba hapa mwandishi huandika kuwa yeye ni mzima kama chuma cha pua. Mwili wangu ni mzima. Watoto ni wazima, na baba yao Hashi amerudi salama na lori lake kutoka Garbatulla, akilalamikia mgongo kwa sababu ya ile barabara. Yaliyobaki ndani yangu si mazima, na ndiyo sababu naandika.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Nimekupigia mara kadhaa wiki hii, na kila nikisikia sauti yako naanza kuuliza kama mvua imenyesha huko. Juzi ulinicheka, ukaniuliza ni lini nimekuwa mtangazaji wa hali ya hewa. Kwa hiyo nimeketi na kalamu. Nakuomba jambo moja tu: soma mpaka mwisho, kisha uamue kama mimi na watoto bado tunakaribishwa kwako mwezi wa Disemba, au tubaki kwetu. Lolote utakaloamua sitalipinga.

Kwanza nikueleze safari yenyewe ilivyopangwa, maana hukuiona. Tangu uliposema tuje likizo ya Agosti, nyumba hii haikuwa na habari nyingine. Mwanangu Hamse alichora njia yote ukutani kwa makaa: Isiolo, Timau, Nanyuki, Rumuruti, Nyahururu, mpaka kwako. Nyahururu aliyachora maporomoko makubwa kuliko Mlima Kenya, na kwako akachora ndege wa ziwani wenye miguu mirefu, wamesimama juu ya paa la nyumba yako. Bado wako pale ukutani. Sijapata moyo wa kuwafuta.

Bisharo alisikia kwamba Nakuru kuna duka lenye ngazi zinazopanda zenyewe, akawa anafanya mazoezi ya kusimama bila kutikisika. Nilimnunulia sweta ya mtumba, akaivaa siku mbili mfululizo katika jua hili letu, jasho likimtiririka, akisema anaizoea Nakuru. Mako, ambaye hutapika hata kabla gari halijawashwa, nilimtafutia ndimu za kunusa na mifuko ya akiba, nikamwomba dereva mapema atuwekee kiti cha dirishani. Hashi alishauri tulale Nanyuki ili watoto wapumzike. Mimi nilisema tuondoke baada ya swala ya alfajiri na tufike siku hiyohiyo, kwa sababu watoto wangu wakiona chipsi za Nanyuki hatutatoka huko. Wateja wangu wa maziwa ya ngamia niliwaaga wote, mmoja mmoja, kana kwamba nakwenda Hija.

Sasa nifike penyewe. Wiki moja kabla ya safari, mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kinna na wanawake wawili wa ukoo wao. Jioni tulipokuwa tunakula aliniuliza, na lazima niseme aliuliza kwa upole tu, kwamba wenyeji wetu si Waislamu, je, watoto watakula kwa vyombo gani. Lilikuwa swali la kawaida la nyanya kwa wajukuu wake. Ningeweza kumjibu kwamba Nakolong anajua chakula chetu tangu sijaanza kufunga Ramadhani. Ningeweza kumwambia kwamba mama yako hakuwahi kunipa nyama ambayo hakuchinja Mwislamu, hata siku ambazo nyama nyingine haikuwepo.

Sikusema hayo. Nilitaka kusifiwa, Nakolong. Nilikaa vizuri nikapandisha sauti, nikasema tutabeba sufuria zetu, sahani zetu na vikombe vyetu, na kwamba watoto wangu hawatagusa chombo cha nyumba ile kwa sababu vyombo vya watu wale si visafi. Wale wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema hivyo ndivyo mwanamke wa dini anavyotakiwa kuwa. Nilijiona mrefu. Watoto walikuwa hapo hapo mkekani, na unajua watoto: ukiwatuma chumvi hawasikii, ukisema upuuzi wanasikia kila neno.

Wageni walipokwenda kulala, Hashi aliniambia kwamba chombo kikioshwa ni chombo, na kwamba hakuna aliyeniomba mawaidha. Nilimnunia kutwa nzima. Nilinuna kwa sababu alisema kweli. Fikiria kazi yangu. Kila asubuhi nawapimia maziwa Wameru, Waturkana, Waborana, walimu, askari na mapadri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mtungi wangu nimeuosha kwa mkono gani.

Siku ya safari ilipokaribia nilifunga sufuria ndani ya gunia, nikalitazama. Nilijaribu kujiona nimesimama jikoni kwako, wewe umenishika mkono, mimi nafungua gunia. Sikuweza. Kuliacha pia sikuweza, kwa sababu nilijua mama mkwe angewauliza watoto, na watoto wangesema. Basi nikachukua simu nikakuambia Mako amepata tetekuwanga. Mako hakuwa na tetekuwanga, Nakolong. Hakuwa na hata kipele kimoja. Na watoto walipolia, niliwaambia ni wewe uliyeahirisha, kwamba umepata wageni wengi.

Unakumbuka ulivyonijibu. Ulinipa pole, ukaniambia nimpake dawa ile nyeupe na nimkate kucha asijikune. Kisha ukasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ulikuwa umetununulia sufuria mpya na sahani mpya, ziko juu ya kabati na karatasi zake za dukani, hujazigusa, na kwamba umempata muuza nyama Mwislamu karibu na msikiti, na Lokol amekubali mambo yake ya bia yabaki nje wiki nzima. Ukasema hakuna neno, sufuria zitangoja. Nilisema asante. Mpaka leo sijui ile asante ilitoka wapi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, nayo yangu ilikuwa fupi kama kutoka Chechelesi kwa mama yako mpaka huku kwangu. Ulimpigia simu, akasikia mtoto anaumwa. Akaja kwa miguu, na magoti yale yake, amebeba majani ya mwarobaini ya kumwogeshea mgonjwa, na kile kibuyu cha maziwa kimefungwa kwa leso. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, anaendesha tairi.

Mama yako alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za kila mmoja, akafungua kibuyu na kummiminia Mako maziwa katika kikombe alichokuja nacho. Mako akanyoosha mkono. Hapo Bisharo akamkamata mdogo wake mkono, akasema kwa ile sauti yake ya kusoma darasani kwamba wao hawanywi kwa vyombo vya nyanya, kwa sababu mama alisema si visafi.

Nilitamani ardhi inifunike. Mama yako alikitazama kikombe kidogo, akayanywa maziwa yeye mwenyewe mpaka yakaisha, akakipangusa kikombe kwa pembe ya leso. Kisha akaniuliza mgonjwa ni yupi. Nikasema amepona. Aliinua shati la Mako, akatazama tumbo lile safi na mgongo ule safi, akalishusha, akamfunga kifungo kilichokuwa wazi. Alipofika mlangoni aliniambia maneno ambayo siwezi kuyageuza, kwa hiyo nakuandikia kama yalivyotoka: “Hamdia, mimi siambii Nakolong kitu. Hii maneno ni yako. Wewe utaambia yeye.” Akaenda. Kibuyu alikiacha, sijui kwa kusahau au kwa makusudi.

Kibuyu chenyewe unakijua. Ni kile chenye ufa uliozibwa kwa ngozi karibu na shingo. Mama yangu alipolazwa Meru na watu wakadhani hatarudi, mimi nilikuwa mdogo kuliko Mako alivyo sasa, na kwenu ndiko nilikolala, na kibuyu hicho ndicho kilichonikuza. Mama alipopona alikuwa akiniambia mbele ya watu kwamba nina mama wawili, na hakuona haya kusema hivyo hata mbele ya sheikh. Mtu aliyelelewa hivyo ndiye aliyesimama mbele ya wageni akasema chombo chenu si kisafi. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna ambayo litaonekana dogo, na halikubali.

Siku ile ile niliwaita watoto nikawaambia mama yao amesema uongo mara tatu: kuhusu vyombo, kuhusu tetekuwanga, na kuhusu wewe kuwa na wageni. Hamse aliuliza kama ninaweza kupewa adhabu. Nilimwambia nimekwisha kupewa. Nilikunywa yale maziwa kutoka kwenye kibuyu wakiniona. Mama mkwe naye nimempigia simu nikamwambia hatutabeba sufuria. Alishangaa, akasema yeye aliuliza tu.

Ijumaa nilikiosha kibuyu, nikakifukiza kwa moshi kama mama yako alivyotufundisha, nikakijaza maziwa ya ngamia, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Tulikwenda sote wanne. Nilimwomba mama yako msamaha mbele ya watoto. Aliitikia kwa kichwa tu, akaleta vikombe vyake, akawamiminia watoto kwanza. Hamse akanywa. Mako akanywa, akaomba tena. Bisharo alishika kikombe kwa mikono miwili, akaacha kukitazama, akanitazama mimi.

Nilimwambia anywe, na akanywa. Lakini mama yako aliuona ule mtazamo, nami niliuona. Mtoto wa miaka sita hakuwa na sababu ya kutafuta ruhusa usoni mwangu ili anywe maziwa ya nyanya yake. Hilo ni mimi niliyelipanda, na sijui litachukua muda gani kung'oka.

Basi, dada, nakuomba msamaha. Ukiona bado tunafaa kuja, nyama ya yule muuza nyama wa msikitini itatutosha, hiyo ni dini yetu na umeiheshimu siku zote. Lakini zile sufuria mpya tafadhali usizishushe. Mpe mtu anayeoa. Tupikie kwa ile sufuria yako nyeusi ya kila siku, utupe vikombe ambavyo nyinyi mnanywea, na Bisharo umweke karibu nawe, anywe akikutazama wewe. Ukiona hatufai, nitawaambia watoto kweli, kwamba safari hii niliivunja mimi.

Nisalimie shemeji Lokol, na umwambie namshukuru kwa wiki ile ya bia. Ewesit mbusu mashavu yote mawili. Hashi anakusalimu, na Hamse anauliza kama wale ndege wa ziwani huwa wanakuja mpaka kwenye paa. Mungu akulinde na akuzidishie, usiku na mchana.

Ni mimi, mtoto wa pili wa mama yako kama bado unanihesabu,
Hamdia