Mkono Unaovuma Kila Alhamisi

Mshauri mpendwa wa wasomaji wengi, pokea salamu zangu za heshima, na baada ya salamu nakuomba unisaidie katika jambo ambalo sina mtu wa kumweleza, kwani mke wangu Solvej alifariki, wanangu wanaishi Kopenhagen na hunipigia simu wakiwa njiani kuelekea kwingine, nami, niliyeacha shule mapema na kujifundisha mengineyo kwa vitabu vya maktaba, nimezoea kulitatua kila jambo peke yangu.

Kila Alhamisi huhudhuria klabu ya wastaafu hapa Nakskov, ambako tunafuatilia nasaba za koo zetu kwa kompyuta, na jirani yangu wa meza ni Bibi Thyra, mjane, aliyekuwa dereva wa basi la shule. Basi mwanzoni mwa vuli, nilipokuwa nimezama miongoni mwa mababu zangu, viganja vimelala juu ya kompyuta mpakato yangu ya chuma iliyokuwa ikichaji, alinipitishia mgongo wa vidole mkononi ili aniite kwenye kahawa, akaruka.

"Wee Regnar! Mbona unavuma?"

"Navuma vipi, bibi?"

"Kama mzinga wa nyuki! Hebu tulia." Akapitisha tena vidole, taratibu. "Haki ya Mungu, mtu huyu ana nyuki ndani."

"Mwache," akasema Aksel kutoka meza ya pili, "hizo ni bia za Ujerumani zinatafuta njia ya kutokea."

"Nyamaza wewe, wivu tu. Wewe nikikugusa hata mbu halii."

Tangu siku hiyo hunikagua kila Alhamisi kabla ya kahawa, kisha huwatangazia wenzetu, "Bado wamo," na juma lililopita aliongeza kwa kicheko, "Kwangu hakuna kinachovuma tangu jokofu lilipokufa," nami nikacheka kwa adabu. Na sina budi kukueleza, Mshauri, kwamba tangu mazishi ya Solvej anayenigusa ni kinyozi peke yake, naye hufanya hivyo kwa malipo.

Lakini ukweli nimekwisha kuujua. Kompyuta hiyo niliinunua Flensburg, siku klabu yetu ilipovuka mpaka kununua bia na peremende, na plagi yake ya Kijerumani, kama zilivyo nyingi majumbani mwetu, huingia katika soketi zetu bila ubishi na kuchaji vizuri, ila sehemu yake ya waya wa ardhi haigusani na chochote, hivyo umeme mdogo uliopotea njia hutambaa juu ya chuma na kunitekenya viganja, na yeyote anipapasaye kwa wepesi huusikia ukitetema. Nilipoichomoa chaja nyumbani, mtekenyo ulikoma papo hapo. Ndiyo maana siku hizi huichomeka klabuni hata betri ikiwa imejaa.

Sasa msimamizi ametangaza kwamba kabla ya Krismasi zitawekwa soketi zinazoupokea waya wa ardhi wa plagi hizo. Je, nimweleze Bibi Thyra kwamba alichokuwa akigusa si mimi bali kasoro ya plagi, au ninyamaze mpaka siku ifike, aguse, asisikie kitu, aondoe mkono?

Naomba majina yetu na mji wetu vibadilishwe.

Wako kwa unyenyekevu,
Regnar

MSHAURI ANAJIBU:

Bwana Regnar, pole kwa msiba, na pole kwa ukimya wa nyumba. Sasa nisikilize.

Tuanze na waya, maana huo ndio mwepesi. Mtekenyo wa namna hiyo kwa kawaida haumdhuru mtu, lakini si kitu cha kufuga. Nenda duka la vifaa vya umeme ukanunue adapta inayoifikisha plagi yako kwenye ardhi, na kama soketi ya nyumbani haina tundu la ardhi, mwite fundi. Siku kompyuta ikikuuma badala ya kukutekenya, usiiguse tena mpaka ikaguliwe.

Haya, mkono. Vitabu vyote hivyo umesoma, na mwanamke aliyekaa kando yako hujamsoma! Mtu anayetaka kujua kama chombo kina umeme hukigusa mara moja, akatosheka. Huyu amerudi msimu mzima. Anakuambia jokofu lake limekufa, nawe unacheka kwa adabu na kurudi kwa mababu zako? Mwanamume mzima! Alikuwa anakuambia kwamba kwake ni kimya kama kwako. Ulipaswa kusema, "Thyra, nije nilitazame?"

Unaogopa ataondoa mkono. Huenda ataondoa, sitakudanganya. Lakini mkono unaoushikilia kwa plagi yenye kasoro hata sasa huna, ndiyo maana umeniandikia.

Mwambie mwenyewe, kwa maneno mafupi kuliko ya barua yako. Chomoa chaja mbele yake, ukunje mikono ya shati, uweke mkono mezani. Usieleze zaidi. Ngoja.

Majina nimebadilisha, na mji pia. Hata hivyo, wazee wanaovuma Denmark hii si wengi, na madereva wa basi husoma magazeti. Ndiyo sababu nimekutumia jibu hili mapema kwa barua pepe. Gazeti linatoka Ijumaa. Una Alhamisi moja.