Mishi Halii Tena

Makorora, Tanga
Jumamosi, Novemba 1956

Mvua ya vuli imeshika tangu alfajiri na haina dalili ya kuachia. Alasiri ndiyo kwanza imepita lakini ndani ni giza, nimewasha taa ya chemni ili nione ninachoandika. Nguo hazikauki. Chumvi imekuwa maji ndani ya kifuu chake. Mtoto wa tumboni hatulii, na mama yake hatulii.

Leo nitaandika neno ambalo sijamwambia mtu.

Namwogopa mwanangu.

Mishi hajatimiza hata miaka mitatu. Akisimama mlangoni hafiki kwenye komeo. Haumi, havunji vyombo, hatupi chakula. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia lala, anajilaza mwenyewe kwenye mkeka, anageukia ukuta, na hasikiki tena. Wenzangu wangefunga nadhiri wapate mtoto wa namna hiyo, na mimi nikipita karibu naye nanyata.

Hakuwa hivi. Mishi wangu wa kwanza alikuwa king'ang'anizi. Nikienda chooni alikaa nje ya mlango akilia. Nilipopata mimba hii wakubwa wakasema maziwa yangu sasa yatamdhuru, atabemendwa, atakonda abaki kichwa na macho. Nikapaka shubiri kwenye chuchu. Alikunja uso, akaifuta kwa kiganja, akanyonya. Nikazidisha. Akalia, akanyonya huku analia. Ndipo likapita neno linalopitishwa kwa watoto wote hapa kwetu: apelekwe kwa bibi yake Tongoni, akae huko mpaka alisahau ziwa.

Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa mama mkwe wangu, nikalala naye, na kabla hakujapambazuka nikavitoa vidole vyake kwenye nguo yangu kimoja kimoja nikaondoka. Usiage, walinionya. Ukiaga atalia, na akilia utarudi naye. Nilijijua, kwa hiyo sikuaga. Nilimwachia upande mmoja wa doti yangu ya kanga za zambarau awe anajifunika. Upande wa pili nilirudi nao nimeufunga kifuani, na maziwa yakauloanisha njia nzima.

Siku aliporudishwa nilikuwa nimempikia mkate wa kumimina, nimejitia hina kana kwamba nampokea bwana harusi. Nikatoka mbio mpaka barazani na mikono nimeikunjua. Alisimama. Akanitazama kwa adabu, akaninyooshea mkono.

"Shikamoo," akasema, vile anavyowaamkia wageni.

Tangu siku hiyo hajaniita mama. Akitaka kitu husema "wewe". Wewe, maji. Wewe, kiatu. Na mara nyingi hata hilo hasemi, huenda akakichukua mwenyewe.

Watu wanamsifu mpaka nakosa pa kuuweka uso. Kule kliniki ya watoto nesi alimsimamisha mbele ya akina mama wote akasema, tazameni mtoto huyu, anakula mwenyewe, analala mwenyewe, hamng'ang'anii mama yake, hivi ndivyo mtoto anavyofundishwa kujitegemea. Watoto wa wenzangu walikuwa wamenasa kwenye mabuibui ya mama zao, kamasi zinawatoka, wanalia sindano hata kabla ya kuziona. Wangu alichomwa, akautazama mkono wake, akaushusha. Wenzangu wakaniuliza siri. Niliwaonea wivu wale wenye watoto wenye kamasi, lakini utalisemaje jambo hilo?

Mume wangu anafanya kazi bandarini, hurudi jioni amechoka. Nikimweleza anacheka. Mtoto halii, anasema, na wewe unalia kwa kuwa halii. Basi mtu wa kumwambia ni Bi Rukia, tunayepanga naye nyumba moja, na Bi Rukia naye hana dawa isipokuwa kuzidisha ugonjwa. Aliniangalia kwa jicho la pembeni akasema, "Mtoto asiyelia, mwenzangu, mtazame kivuli chake."

Nilikitazama. Nimesoma mpaka darasa la sita, najua kusoma ramani, na bado nilimsubiri mwanangu apite juani nikahakikisha ana kivuli. Anacho. Nikatamani kusikia aibu, lakini aibu haikuja.

Kisha kukaanza habari ya chumba cha nyuma.

Ni chumba tunachowekea kinu, mchi, magunia na majembe, na mvua zilipoanza nikafunga humo kamba ya kuanikia. Mchana mmoja nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia sauti ya Mishi kutoka humo.

"Mama."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. "Naam, mwanangu!" nikaitika, nikaiacha mbuzi na nazi yake nikakimbia. Mishi alikuwa amekaa chini peke yake, amenipa mgongo. Hakugeuka. Alinyamaza kama wanavyonyamaza watu wawili wakiingiliwa na mtu wa tatu.

Nikasema ni michezo ya kitoto. Kesho yake nikamsikia tena. Safari hii sikuitika, nilisimama nyuma ya ukuta. "Mama, nimekula," alisema. Akanyamaza kidogo, akacheka taratibu, kisha akasema, "Hapana, sikulia."

Nani alimuuliza?

Na jambo la pili ni ile kanga. Nauanika upande wangu wa zambarau kambani, nikirudi naukuta umewekwa juu ya mchi, mchi umesimama pembeni umejitanda kama mwanamke anayekwenda msibani. Nauondoa. Nikirudi, umevaa tena. Nilimuuliza Bi Rukia, akaapa kwa watoto wake wote. Nikajiuliza kama ni mimi mwenyewe, maana mimba husahaulisha. Kichwa cha mchi ule kinanifika mimi begani. Mishi hawezi kukifikia. Nilijiambia hivyo kila siku: hawezi kukifikia.

Leo nilitaka kutwanga kisamvu. Niliingia mle ndani, mchi umejitanda vile vile, nikaivua ile kanga kwa hasira nikaitupa kwenye magunia. Nikabiringisha kinu mpaka ukumbini, nikatia majani, nikanyanyua mchi nikapiga. Nikapiga tena.

Mishi akapiga ukelele.

Sijapata kusikia sauti ile kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Alikuja mbio amenyoosha vidole vyote, akajitupa baina yangu na kinu. Kama singeuzuia mchi hewani sijui leo ningekuwa naandika nini.

"Usimpige mama! Usimpige!"

Niliuacha ukaanguka. Akaurukia pale chini, akaukumbatia, akaanza kuyafuta majani mabichi kwenye kichwa chake kwa upindo wa gauni. Alikuwa ananong'ona. "Basi, mama. Basi. Yameisha."

Nikakaa sakafuni. Nilisoma Ayatul Kursi na nikaikosea katikati. Akauburura mchi mpaka chumba cha nyuma, na kupitia mlangoni nikamwona anaiendea kanga, anaiburura, anapanda juu ya magunia aifikishe juu ya ule mchi, ambao sasa alikwisha uegemeza ukutani kwa bega lake dogo, akihema. Kumbe magunia. Siku zote zile alikuwa anapanda magunia. Badala ya kupumua kwa kujua kwamba si shetani, niliogopa zaidi.

Mama mkwe alifika adhuhuri na kapu lake la muhogo na dagaa, kanga kichwani inachuruzika. Amekuja kukaa nasi mpaka nijifungue. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Mama, ulimfanya nini mtoto wangu?"

"Marahaba," akanijibu.

Nikaona haya, nikamshika mkono nikamwamkia. Nikamletea maji ya kunawa miguu. Nikamweleza, na nilipofika kwenye habari ya mchi akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo.

"Ah, hilo? Mkaza mwanangu, mtoto yule alilia mpaka sauti ikamkatika. Yuwaita mama, yuwaita mama, watu wakaja kuuliza ati nani kafa. Chakula hataki, maji hataki. Ulitaka nimwache afe na mimi namtazama? Nikautwaa mchi wangu, nikauvika ile kanga yako, nikausimamisha pembeni. Nikamwambia, nyamaza, mama yako yule pale, anakutazama. Akanyamaza."

"Basi?"

"Basi. Kwani hata baba yake nilimwachishaje?"

Alilisema huku anajikausha nywele. Mimi nikaliweka beseni kando. Mume wangu sijapata kumwona akilia. Siku ya kumzika baba yake wanaume walirudi wakisimulia alivyosimama kaburini na uso mkavu, watu wakasema huyo ndiye mwanamume. Akirudi kazini hukaa kwenye kiti, na akiwa na jambo moyoni hatazami mtu, hutazama pembe ya chumba. Miaka yote hii nilidhani anafikiri tu.

Mama mkwe aliuona uso wangu. Si mwanamke mbaya, na alimlea mjukuu wake kwa njia aliyolelewa nayo yeye. "Kama wakutisha uchanje kuni," akasema. "Mchi ni mchi. Atalia kidogo, atasahau. Hawa husahau." Akatoka barazani kuzungumza na Bi Rukia.

Nilikwenda nikalitwaa shoka. Sifichi. Nilisimama nalo mlangoni mwa chumba cha nyuma, Mishi yuko mle ndani na mwanamke wake wa mti. Nikawaza: nikimchanja huyu, namuulia mama yake mbele ya macho yake, na atakayekuwa ameshika shoka ni mimi. Nikimwacha, mwanangu atakua, atakuwa hodari, atasifiwa kliniki na shuleni, ataolewa, na hatamhitaji mtu yeyote aliye hai. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi tunalisema kwa kucheka. Wangu anafunzwa na kipande cha gogo.

Nililiweka shoka nje, mvuani.

Nikaingia. Ile kanga ilikuwa imekaa upande, maana yeye huitupia tu. Nikaitanda vizuri ile nguo kwenye mchi, kama ninavyojitanda mimi, ncha moja begani. Mishi alinitazama nikifanya hivyo. Kisha nikakaa chini ubavuni pake, sote wawili tumeuelekea. Mvua ilipiga makuti. Na kwa kweli ule mchi, katika giza lile, ulikuwa na mabega.

"Mama," Mishi akauambia, "ulikwenda wapi?"

Mchi ulisimama. Mishi akainamisha kichwa kusikiliza, na nywele zikanisimama mwilini, kwa kuwa nami nilikuwa nasikiliza.

"Nilirudi nyumbani," nikasema. Sauti yangu niliiona ngeni. "Ulikuwa umelala. Sikukuamsha."

Hakunigeukia. Macho yalikuwa pale pale pembeni.

"Ulilia?" akauuliza mchi.

"Nililia," nikasema, na neno lile likatoka na vyote vilivyokuwa nyuma yake. Nililia kwa sauti, mbele ya mtoto, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nikajifunika uso. Nikasikia nyayo ndogo, na mkono ukaanza kunipiga mgongoni, taratibu, kwa kipimo kimoja, kama watu wazima wanavyombembeleza mtoto mchanga.

"Nyamaza," akasema. Sauti ile haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya bibi yake, na labda ya aliyemlea bibi yake. "Nyamaza. Mama yako yule pale. Anakutazama."

Mungu anisamehe. Niliinua uso nikatazama pembeni, na nikanyamaza.

Sasa amelala chumbani, yuko peke yake na ameugeukia ukuta. Mama mkwe anamenya muhogo. Bado nausikia ule mkono mgongoni. Nimewaza sana kama ulikuwa mkono wa mtoto aliyenionea huruma au wa mtoto anayerudia alichofanyiwa, na sijui. Naona hata nesi hajui. Lakini alinyanyuka akanijia. Aliniona nalia akanipa kitu pekee alichonacho, na mtu asiyekuwa na moyo hatoi kitu chake pekee. Hilo nimelishika.

Mchi nimeuacha pale pale. Kisamvu tutakula siku nyingine, au nitaazima mchi kwa Bi Rukia na kumwachia afikiri atakavyofikiri. Na huyu wa tumboni, Mungu akimleta, sitamwachisha kwa kumkimbia, waseme watakavyosema.

Kesho asubuhi nakwenda sokoni Ngamiani, Mishi abaki na bibi yake. Mama mkwe amekwisha nionya: toka kabla hajaamka, usimsumbue mtoto, amezoea. Nitamwamsha. Nitakaa kwenye mkeka wake nimwambie ninakokwenda na kwamba nitarudi, hata kama atakuwa anautazama ukuta ninaposema. Nitasimama mlangoni nimuage kwa jina lake, nimsubiri aniitikie.

Naomba alie.