Hatua ya Tatu Uliyoikataa

Somoe, mwenzangu,

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike Mingoyo, na ndiyo kwanza napata moyo wa kukuandikia. Kuna jambo nilikukosea, na kuna habari nataka uzipate kwangu mwenyewe.

Makala yetu ya hisabati ilirudi. Tuliituma kwenye jarida wiki mbili kabla hujashikwa na ile homa. Mhakiki wao aliandika mistari minne tu, kwamba hatua ya tatu ya uthibitisho haisimami. Nilikuwa ofisini kwangu chuoni. Nikafunga mlango, nikakaa. Hatua ya tatu, ile ile.

Kabla hatujaituma tulikuwa barazani kwenu, daftari katikati yetu, mama yako anabangua korosho pembeni. Ukasema, "Rukia, mimi hapa sipaoni." Nikakujibu kwamba nimeshaipiga hesabu hiyo mara kadhaa, na kwamba wewe siku hizi umezoea kufundisha hesabu za kidato cha pili. Ukalifunga daftari. Halafu ukaniuliza kama nitakula. Upole wako ule unaniuma mpaka leo. Afadhali ungenijibu.

Maana hakuna aliyeijua kazi hii kama wewe. Wengine nikiwatajia fanksheni zenye umbo la nyota hudhani nasoma falaki. Wewe ulimweleza baba yangu kule Kikole, mmesimama kisimani. Ulimwambia shamba lina umbo la nyota iwapo mtu, akianzia mahali pamoja, anaweza kwenda kila kona kwa mstari mnyoofu bila kukanyaga shamba la jirani. Baba akatazama huku na huku, akasema, "Basi langu si nyota, mwanangu. Kuna ile kona ya nyuma ya kwa Athumani." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamwambia fanksheni zetu zina ugumu zaidi: kuna nukta moja ambapo thamani inakua bila kikomo, hivyo picha yake, yaani eneo lote ambalo thamani hizo zinafika, inafunika kote kwa nje, na katikati kinabaki kipande ambacho hakikuguswa. Hicho kilichobaki ndicho tunachotaka kiwe nyota. Baba aliitikia kwa heshima tu. Ulipoondoka akaniambia, "Yule mwenzako anajua kufundisha."

Baada ya barua ya jarida nilihangaika mwezi mzima. Tulidai kwamba ukichanganya fanksheni mbili za namna hii kwa kanuni yetu, inayotoka nayo ni ya namna hiyo hiyo. Kila nilipoziba tundu moja, lilifunguka lingine. Mwisho nikapanda basi kuja kwenu, najidanganya kwamba naenda kumjulia hali mama tu.

Nilimwamkia, tukakusomea dua, tukanywa chai. Akaingia ndani, akatoka na daftari lako la kijani.

"Siku ya pili ya homa alikuwa anaandika humu," akasema. "Nikamwambia apumzike. Akaniambia, 'Namalizia ya Rukia.' Nisamehe mwanangu, msiba ulinisahaulisha."

Katika ukurasa wa kwanza umeandika fanksheni mbili, zote nyota. Umezichanganya, na inayotoka ina kona iliyojificha. Dai letu likaanguka pale pale. Katika ukurasa wa pili umeonyesha kwamba vizidishi, zile namba zinazozidisha kila kipande cha fanksheni, vikiwa vidogo vya kutosha, dai linasimama. Mwandiko unatetemeka, lakini hesabu haina kosa. Nikatafuta mahali uliponisema. Hakuna. Chini umeandika tu: "Tusiitupe. Tuipunguze."

Nililia, Somoe. Nikamwambia mama ukweli: "Alikuwa sahihi, nami nilimdharau."

"Alisema mmepishana kidogo," akajibu. "Alisema utakuja."

Akanimiminia chai nyingine.

Nimeipunguza makala ibaki na dai linalosimama, kama ulivyosema, na jina lako nimelitanguliza. Juma lililopita waliikubali. Nikarudi Mingoyo na karatasi mkononi, nikamsomea mama kichwa cha makala kwa Kiswahili, kadiri kinavyokubali. Alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye jina lako.

"Na sasa ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, mama."

"Basi," akasema, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu.

Sasa nikuage. Mungu alipanue kaburi lako na akutie nuru humo. Mama nitakuwa naye Idi hii, na Idi nyingine zote nitakazojaaliwa. Na lile swali uliloliacha ukurasa wa mwisho, kwamba itakuwaje nukta zisizo na kikomo zikiwa mbili badala ya moja, nakuahidi sitaliacha. Nimeshaandika ukurasa mmoja na nusu. Nadhani nimekosea mahali, na bado napatafuta.

Wako,
Rukia