Mkeka wa Mchana

Mjukuu wangu Betha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima. Kahawa iko kwenye vichanja, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kama paneli ya sola uliyotutumia naitunza.

Ya kwanza tuliinunua wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja huku milimani Mbuji. Tulikuwa bado tunaishi na mama mkwe, mama wa babu yako. Babu yako aliitega asubuhi kwenye kichanja, jioni akaita majirani waje waone taa. Taa ikagoma.

"Umeuziwa kioo!" wakamcheka.

Akaapa kwamba siku ya gulio atairudisha Mbinga, na mwenye duka atamtambua.

Kesho yake mchana nikamkuta mama mkwe akiifunika tena kwa mkeka, kama tunavyofunika kahawa jua likiwa kali, maganda yasipasuke. Mkwe hakosolewi. Nikasema, "Mama, kahawa tunaikausha kwa jua, lakini hii inakula jua. Nadhani tumeiziba mdomo."

Akauvuta mkeka haraka. "Si mngesema ina njaa!"

Jioni taa ikawaka, mwenye duka akapona.

Kwa hiyo yako naitunza, mjukuu wangu: asubuhi naifuta vumbi, kisha naiacha ijilie jua lake.

Bibi yako