Uso wa Saa ya Tilbrook

Thorncliffe Park, Toronto
3 Februari 2003

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi imenipasua midomo. Macho yako yanaendeleaje? Dada Otilia, msomee Baba polepole, maana haya nisingeweza kuyasema kwenye simu ya jirani.

Mzee Mehboob, mwenye duka la saa, alinipa niisafishe saa ndefu ya kusimama iliyoundwa na Mmarekani wa zamani, Asa Tilbrook, fundi saa na mfua fedha kama wewe. Majira ya joto aliunda saa, baridi ikija alifua vijiko. Nyuma ya uso wa saa amechora kwa ncha ya chuma: 1787, fedha hii ni vijiko vya mke wangu. Chini yake kila fundi aliyeifungua ameandika jina.

Nikausugua uso kwa ukwaju na majivu, kama tulivyosugua bangili dukani kwako. Baba, fedha yote imetoka, imebaki shaba ya njano. Kumbe ulikuwa utando tu. Mzee Mehboob hajajua, nimeifunika kwa shuka. Mteja mwenye saa anaichukua tarehe 28 Machi. Nikifukuzwa, kibali changu cha kukaa huku kimekwisha. Nifanye nini?

Mwanao,
Tomasi

Tabora
27 Februari 2003

Mwanangu,

Marahaba. Macho hayajapata nafuu, Otilia ndiye anayeandika. Kosa ni langu, nilikufundisha fedha nzito tu.

Nimeyeyusha fedha kwa tindikali, nikatia chumvi, ukapatikana huu unga mweupe ulio ndani ya bahasha. Changanya na chumvi na maji ya ukwaju, usugue taratibu mpaka shaba igeuke. Usiufungue penye mwanga. Ukipigwa na mwanga unakuwa mweusi, haushiki tena.

Ukimaliza, andika jina lako nyuma.

Baba yako

Toronto
25 Machi 2003

Baba,

Shikamoo. Bahasha imefika leo, imeshafunguliwa. Watu wa forodha waliona unga mweupe wakaipasua. Umekuwa mweusi. Nimesugua hivyo hivyo mpaka vidole vikachubuka, haushiki. Zimebaki siku tatu. Nitamwangukia Mzee Mehboob aniongezee muda. Tafadhali, tuma mwingine.

Tomasi

Tabora
19 Aprili 2003

Mdogo wangu Tomasi,

Hatujambo, namshukuru Mungu. Leo naandika ya kwangu, Baba amelala.

Mwingine hakuna. Fedha ile ilikuwa bangili ya marehemu Mama. Baba aliikata mwenyewe, kwa kupapasa.

Barua yako sikumsomea ilivyo. Nimemwambia saa inang'aa na jina lako liko nyuma, chini ya yule Mmarekani. Tangu hapo anakula. Ukiandika tena, andika hivyo. Ya kweli yaweke kwenye karatasi nyingine, nitayasoma mimi.

Dada yako,
Otilia