Nilimfundisha Binti Yangu Kufaulu Maswali ya Daktari

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mwalimu wa miaka ishirini na mbili kazini na nimefanya jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemwita mzazi wake.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, anasomea umeme chuo cha ufundi, na mwanzoni mwa mwaka alianza kulalamika kwamba feni ya bwenini ikizunguka anasikia jina lake likiitwa, halafu akaona matangazo ya ubaoni yanamsema yeye, basi muuguzi wa chuo akampeleka kliniki moja ambako madaktari wanafanya utafiti juu ya vijana walio katika hatari kubwa ya kupata ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, wenyewe wanauita saikosisi, na wakatueleza vizuri tu kwamba bado hajaugua, kwamba wengi wa vijana hao hawafiki huko, ila watamhoji kila mwezi ili akianza kuteleza wamdake mapema. Binti akakubali, akasaini. Mimi nilisikia neno "hatari" tu, mengine yakanipita.

Shangazi yake, dada wa mume wangu, aliugua hivyo, akafungiwa chumba cha nyuma mpaka akafa, watoto wa mtaani wakipanga foleni dirishani kumchungulia, nami nikaapa jina la mwanangu halitaingia kwenye faili la namna ile. Sasa siku ya kwanza ya mahojiano niliruhusiwa kukaa naye, nikatoka na maswali yote kichwani, nikayaandika kwenye daftari, thelathini na moja, na kila Jumamosi akija nyumbani tukakaa meza ya jikoni nikimuuliza anajibu, akisita narudia, sema, "Hapana, yalikuwa mawazo tu, sasa nalala vizuri," na umtazame daktari machoni, usichezee vidole. Baada ya miezi mitatu wakatuambia dalili zimeisha, wamefurahi, arudi baada ya miezi sita. Nilishangilia kama darasa langu zima limefaulu.

Sasa maji yamenifika shingoni. Yuko nyumbani likizo. Jana nimerudi kutoka kazini nikakuta amefungua soketi zote za sebuleni, nyingine amezijaza vitambaa, nyaya ziko nje, naye amekaa chini na bisibisi mkononi anasikiliza ukuta. Nikamuuliza, mwanangu, unasikia nini? Akaweka bisibisi chini, akanitazama machoni, akasema, "Hapana, yalikuwa mawazo tu, sasa nalala vizuri." Kila ninachomuuliza ananijibu kutoka kwenye lile daftari, neno kwa neno, na macho yake ni mekundu kwa kukosa usingizi. Baba yake anasema tusichokonoe, atatulia chuo kikifunguliwa. Nikirudi kliniki si nitaonekana mwongo, si watamfuta kwenye utafiti? Au unipe maswali mengine, ambayo hajayazoea, nimuulize mwenyewe hapa nyumbani nijue hali yake?

Mwalimu niliyechanganyikiwa

Mwalimu,

Maswali mengine? Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu nikitumaini macho yangu ndiyo mabovu. Umemkaririsha mtoto mpaka wewe mwenyewe huwezi kumtoa neno la kweli mdomoni, na dawa unayoiona ni kumpa mtihani wa marudio!

Pole. Naisema kwa moyo, maana kile chumba cha nyuma ulikiona kwa macho yako na najua hakikutoki. Lakini tusidanganyane. Wifi yako hakufungiwa kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye faili. Alifungiwa kwa sababu hakuna aliyempeleka penye faili.

Wale madaktari hawakuwa wanasahihisha. Wanajaribu kujua, kati ya vijana wenye dalili ndogo ndogo, nani zitamwisha zenyewe na nani ashikwe mkono kabla hajaanguka, na hawana njia nyingine ila kijana awaambie kweli. Wewe umewapelekea uongo ulionyooshwa kwa pasi, wakaupokea, wakamwachia aende. Na watoto wa wenzako watasaidiwa kwa yatakayotoka humo, nao ulishawahi kuwafikiria? Haya, nisije nikakupandisha presha.

Utaonekana mwongo, ndiyo, kwa dakika tano. Hao wamezoea familia zinazoficha, hujavumbua kitu. Kama atabaki kwenye utafiti au la, wataamua wao pamoja naye. Kinachotakiwa sasa ni matibabu, na wao wanajua yanapopatikana.

Kaa na binti yako, bila daftari, umwambie: "Nilikufundisha kudanganya kwa sababu niliogopa. Nimekosa mimi, si wewe." Halafu nyamaza. Najua kwa mtu wa kazi yako hilo ni adhabu. Akisema kitu usikisahihishe, asiposema usimchimbe. Mwambie unapiga simu kliniki, upige akiwepo, asije akaona mnamzunguka. Waeleze ya daftari na ya soketi, uombe aonwe leo, ikishindikana kesho asubuhi. Mkifika aingie peke yake, ni mtu mzima, wewe ubaki kwenye benchi la nje. Na baba yake, anayeogopa kuchokonoa, azime swichi kuu na kumwita fundi afunge hizo nyaya.

Akikataa chakula, au akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, msisubiri miadi ya yeyote. Hospitali ya karibu, saa hiyo hiyo.

Barua yako uliiandika Jumanne. Hukuweka namba ya simu, la sivyo ningekupigia mwenyewe ilipofika mezani kwangu. Gazeti hili linatoka Jumatano ya wiki iliyofuata. Hizo ni siku nane binti yako amekaa na ule ukuta, wewe ukingoja jibu la mtu asiyemjua hata kwa sura. Weka gazeti chini, piga simu.